Roho, kaburi na Ulimwengu Ujao: Wayahudi wanaamini nini hasa kuhusu kifo? (Uzi mrefu)

Mleta uzi:

Wakuu, salaam.

Mada yoyote ya dini ikigusa Wayahudi humu, haimalizi kurasa mbili kabla hajatokea mtu wa kusema kwamba wao hawaamini maisha baada ya kifo. Mwingine anambishia kwamba wanaamini, ila wanaamini kuzaliwa upya. Wa tatu anasema Biblia yao haina pepo wala moto. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Jambo hili nimelisoma kwa miaka mingi kwa sababu nalipenda, nikaona bora nilifungulie uzi wake.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnibane vizuri. Myahudi anayeshika dini anaamini kwamba roho haipotei na kwamba wafu watafufuliwa, na anayatamka hayo katika sala mara tatu kila siku. Lakini dini yake haijampa ramani ya huko, wala haikumlazimisha aichore. Ukitaka kujua wanaamini nini, tazama wanavyosali na wanavyozika.

Tuanze na maandiko yao, yale ambayo Wakristo wanayaita Agano la Kale. Torati ya Musa haielezi pepo. Ahadi zake ni mvua kwa wakati wake, mavuno, watoto na siku nyingi juu ya ardhi. Adhabu zake ni ukame, maradhi na uhamisho. Wafu, wema kwa wabaya, wanashuka Sheoli, huko chini kwenye giza na ukimya ambako Biblia zetu zimezoea kukuita kuzimu. Yakobo alipoletewa kanzu ya Yusufu yenye damu alikataa kufarijiwa, akasema atamfuata mwanawe huko akiomboleza (Mwanzo 37). Mhubiri sura ya 9 anasema wafu hawajui lolote. Zaburi ya 115 inasema si wafu wanaomsifu Mungu. Anayefunga kitabu hapo ataondoka akiamini kwamba watu hawa hawana akhera.

Asifunge. Ibrahimu anapokufa inaandikwa kwamba alikusanywa kwa watu wake (Mwanzo 25), wakati katika pango la Makpela alikuwa amelala Sara peke yake. Wazee wake walizikwa mbali, Harani na Uru. Kukusanywa huko, basi, hakuwezi kuwa kulazwa tu kwenye kaburi la ukoo. Mfalme Sauli, usiku wa kuamkia vita yake ya mwisho, anamwendea mwanamke wa Endori, na Samweli ambaye tayari ni marehemu anapanda na kumlaumu kwa kumsumbua (1 Samweli 28). Torati inakataza kuwauliza wafu, na hakuna anayekataza jambo ambalo watu hawalifanyi. Walikuwa wanawauliza kwa sababu waliamini yuko wa kujibu.

Pa wazi kuliko pote ni Danieli 12:2, kwamba wengi wanaolala katika mavumbi wataamka, hawa kwa uzima wa milele na wale kwa aibu ya milele. Wanazuoni wengi wa leo wanaiweka sehemu hii ya kitabu katika miaka ya 160 KK, enzi za mfalme Antioko wa Nne, aliyepiga marufuku Sabato na tohara na kuwaua waliokaidi. Hebu fikirieni swali lililowakabili watu wakati ule. Zamani mtu akifa kijana wangeweza kujiambia kwamba labda alikuwa na dhambi ya siri. Sasa waliokuwa wanauawa ni walioshika amri, na waliuawa kwa sababu walizishika. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7, kinasimulia habari za mama na wanawe saba waliouawa mmoja baada ya mwingine kwa kukataa nyama ya nguruwe. Wanamwambia mfalme machoni kwamba Muumba wa ulimwengu atawarudishia uhai. Mimi naamini tumaini hilo lilikuwepo kabla (someni Isaya 26:19), ila mateso yale ndiyo yaliyolifanya kuwa la watu wote.

Kufikia karne ya kwanza BK kulikuwa na pande mbili. Mafarisayo walishika ufufuo, Masadukayo wakaukataa. Wakristo mnaikumbuka Matendo 23, Paulo alivyolitaja jambo hilo barazani na baraza lote likagawanyika. Mwaka 70 Warumi waliteketeza Hekalu la Yerusalemu, na Masadukayo, ambao heshima yao yote ilitegemea Hekalu, wakatoweka. Waliobaki kuliongoza taifa ni marabi, warithi wa Mafarisayo. Wao ndio waliokusanya Mishna, yaani sheria na mafundisho yao yaliyopokewa kwa mdomo, kwenye mwaka 200 hivi, na katika kitabu chake cha Sanhedrin, sura ya 10, wakaandika kwamba Israeli wote wana fungu katika Ulimwengu Ujao. Wakataja papo hapo wasio na fungu, na wa kwanza ni yule anayesema ufufuo wa wafu haumo katika Torati.

Kwa hiyo ndugu anayesema Wayahudi hawaamini maisha baada ya kifo anasema walichosema Masadukayo, ambao hawapo tangu zama hizo.

Karibuni kwa maswali.

Kijana wa Iringa:

Mkuu, uzi mzuri. Mimi nataka tuanzie kwenye roho yenyewe. Kanisani tunafundishwa mwili, nafsi na roho. Wao wanagawaje?

Mleta uzi:

Kijana, mgawanyo wa mapema ni mwepesi sana. Mwanzo 2:7 inasema Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi, akampulizia pumzi ya uhai, mtu akawa nafsi hai. Mtu mzima ndiye nafsi, haijasemwa kwamba nafsi imefungiwa ndani yake. Baadaye Wakabala, yaani wale wa elimu ya siri, wakazipanga ngazi. Nefeshi ni uhai unaoutia mwili nguvu. Ruaha ni ile inayochagua kati ya jema na baya. Neshama ni ya juu, inayomfikiria Mungu. Zohari, kitabu kikuu cha Kabala kilichotokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13, kinazizungumzia kwa kirefu. Wengine wakaongeza mbili juu yake.

Ila kwa Myahudi wa kawaida roho anaijua kwenye sala ya asubuhi, iliyo katika Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna (Berakhoti 60b). Akiamka anamwambia Mungu kwamba roho uliyonipa ni safi, Wewe uliiumba, Wewe ulinipulizia, na Wewe utaichukua na kunirudishia wakati ujao. Sala hiyo haina habari za roho iliyozaliwa na dhambi. Imekuja safi, na mwenyewe ana deni la kuirudisha hivyo. Uzuri wa sala hii hunigusa kila ninapoisoma.

Kuhusu roho na mwili, kuna kisa cha Talmudi (Sanhedrin 91) ambacho sijaona maelezo bora kuliko hayo. Mtawala wa Kirumi anayeitwa Antonino alimwambia Rabi Yehuda Mkuu: siku ya hukumu mwili na roho vinaweza kukwepa vyote. Mwili utasema, aliyetenda dhambi ni roho, maana tangu ilipotoka mimi nimelala kaburini kama jiwe. Roho itasema, ni mwili, maana tangu nitoke narukaruka hewani kama ndege. Rabi akamjibu kwa mfano wa mfalme aliyekuwa na shamba la tini nzuri zilizowahi kuiva, akaweka walinzi wawili, kiwete na kipofu. Kiwete akamwambia kipofu, naziona tini, nibebe tukazichume. Wakala. Mfalme aliporudi, kiwete akasema nina miguu mimi ya kuzifikia? Kipofu akasema nina macho mimi ya kuziona? Mfalme akampandisha kiwete mgongoni kwa kipofu, akawahukumu kama mtu mmoja.

Ndiyo maana marabi hawakuridhika na roho kuishi peke yake milele. Roho na mwili vilitenda pamoja, basi virudi pamoja. Hapo ndipo ufufuo unapopata uzito wake.

Fundi Hoja:

Mkuu, nakuheshimu, lakini mimi naona marabi walitengeneza hii ili kuziba pengo. Torati imeahidi siku nyingi duniani kwa anayetii. Watu wema wakaendelea kufa wadogo. Ahadi haikutimia, wakaihamishia mahali ambako hakuna anayeweza kwenda kukagua.

Mleta uzi:

Fundi Hoja, swali lako waliliuliza wao wenyewe kabla yako, tena wakaliandika ndani ya Talmudi bila kulificha (Kidushini 39b). Naomba nilieleze taratibu, maana kwangu hapa ndipo moyo wa jambo lote ulipo.

Katika Torati yote ni amri chache zinazoahidiwa wazi siku nyingi. Moja ni kumheshimu baba na mama. Nyingine ni kwamba ukikuta kiota, umwache mama ndege aende zake kabla hujachukua makinda. Sasa Rabi Yaakov aliona tukio. Baba alimwambia mwanawe apande juu akamletee makinda. Mtoto akatii, akapanda, akamwachia mama ndege aruke, akachukua makinda. Amri zote mbili zenye ahadi ya siku nyingi, kwa pamoja, katika tendo moja. Wakati wa kushuka akaanguka akafa.

Siku zake nyingi ziko wapi? Marabi hawakukimbia swali. Wanauliza, labda mtoto alikuwa na wazo baya moyoni? Labda ngazi ilikuwa mbovu, na mtu hapaswi kutegemea muujiza penye hatari iliyo wazi? Wanajadili yote hayo. Rabi Yaakov yeye akasema kwamba siku ndefu zilizoahidiwa ni za ulimwengu ambao wote ni mrefu, na wema ulioahidiwa ni wa ulimwengu ambao wote ni mwema. Hakuna thawabu ya amri katika ulimwengu huu.

Na yupo msomi mkubwa aliyeona tukio kama hilo akashika njia nyingine. Elisha ben Abuya, mmoja wa vichwa vikubwa vya kizazi chake, aliiacha imani, na Talmudi ikaacha hata kumwita jina, ikamwita Mwingine. Wanasema kama angelisoma andiko lile alivyolisoma Rabi Yaakov, asingepotea. Kisha wanaongeza neno ambalo ukilipita haraka hutaliona uzito wake, kwamba Rabi Yaakov alikuwa mtoto wa binti yake Elisha. Babu na mjukuu walisimama mbele ya swali lilelile. Babu akaona hakuna hakimu. Mjukuu akaona hukumu haijaisha.

Kwa hiyo sikubali kwamba waliziba pengo kwa ujanja. Anayeziba pengo hazihifadhi habari za aliyetumbukia humo, tena mtu wa familia. Na Talmudi ina jibu lingine, fupi, kwa mtu aliyebisha kwamba walio hai wanakufa, iweje waliokufa waishi. Alijibiwa kwamba ambao hawakuwapo wamekuwapo, sembuse waliokwisha kuwapo.

Bint Pwani:

Maa shaa Allah, nimeisoma hadithi ya mtoto nikashindwa kuendelea kwa muda. Swali langu: na moto je? Wao wana jehanamu?

Mleta uzi:

Wanayo dada yangu, wanaiita Gehinomu. Mahali penyewe ni bonde halisi nje ya kuta za Yerusalemu ya kale, bonde la Hinomu, ambako Yeremia (sura ya 7) analia kwamba watu waliwateketeza watoto wao. Hadi leo unaweza kulitembea. Jina la mahali pale pachafu likawa jina la adhabu.

Tofauti kubwa ni muda. Rabi Akiva anasema katika Mishna (Eduyoti 2:10) kwamba hukumu ya waovu Gehinomu ni miezi 12. Talmudi inataja wachache wanaokaa zaidi, waasi waliowapotosha wengi, lakini kwa walio wengi ni njia ya kupita na kusafishwa, hakuna makazi humo. Wanasema hata moto wenyewe hupumzika siku ya Sabato.

Na yule Mwingine, Elisha, alipokufa? Kisa kiko Hagiga 15b. Walisema mbinguni hawakumhukumu kwa sababu alikuwa na Torati nyingi kichwani, wala hawakumwingiza kwa sababu alikuwa ametenda dhambi. Amesimama katikati. Mwanafunzi wake Rabi Meir, ambaye hakumwacha hata baada ya mwalimu kuasi, akasema ni afadhali ahukumiwe ili hatimaye aingie, na siku mimi nikifa nitahakikisha moshi unapanda kaburini kwake. Rabi Meir akafa, na moshi ukapanda. Miaka ikapita. Rabi Yohanan akasema, hivi ni ushujaa kumchoma mwalimu wako? Alikuwa mmoja wetu akapotea, na sisi sote tumeshindwa kumwokoa? Nikifa mimi, nitamtoa. Rabi Yohanan akafa, na moshi ukakatika.

Ukikielewa kisa hiki umeelewa kwa nini Wayahudi wanasema Kadishi. Mtoto anamsemea mzazi aliyefariki sala hiyo ya Kiaramu mbele ya watu wasiopungua kumi, na ndani yake hakuna neno moja kuhusu kifo, kaburi wala marehemu. Kuanzia mwanzo hadi mwisho ni kumtukuza Mungu na kuomba ufalme wake uje. Mfiwa, mtu mwenye kila sababu ya kunyamaza, anasimama kumsifu Mungu hadharani, na wote wanamwitikia. Desturi ya mfiwa kuisema ilikomaa miongoni mwa Wayahudi wa Ujerumani katika karne ya 12 na 13, baada ya jumuiya za Mainz na Worms kuchinjwa na makundi ya wapiganaji wa msalaba mwaka 1096. Wazazi husemewa miezi 11. Rabi Moses Isserles wa Kraków, karne ya 16, ndiye aliyeandika sababu yake. Kwa kuwa waovu huhukumiwa miezi 12, mtoto akifikisha 12 atakuwa kama anatangaza kwamba mzazi wake alikuwa mwovu. Anaacha mwezi mmoja kabla. Adabu ya namna hiyo kwa mzazi mimi naiheshimu sana.

Msomi wa Kigoma:

Mleta uzi, hujagusa kuzaliwa upya. Na nimesikia Maimonides alishutumiwa kwamba anakataa ufufuo. Hebu tupe.

Mleta uzi:

Mkuu, Maimonides (1138–1204), ambaye Waarabu wanamwita Musa bin Maimun, alizaliwa Córdoba akafanya kazi ya utabibu Misri. Ndiye aliyeandika misingi 13 ya imani, na wa mwisho ni ufufuo wa wafu. Ila katika kitabu chake kikubwa cha sheria alisema Ulimwengu Ujao hauna miili. Ni roho zinazofurahia kumjua Mungu. Alishikilia neno la Ravi, mwalimu wa Talmudi, kwamba huko hakuna kula wala kunywa, wema wameketi na taji vichwani wakiufurahia mng'ao wa Mungu. Watu wakauliza, sasa ufufuo wa nini? Abraham ben David wa kusini mwa Ufaransa akamwandikia pembeni ya kitabu kwamba maneno haya yanakaribia ya mtu anayesema hakuna ufufuo wa miili. Mwaka 1191 Maimonides akalazimika kutoa waraka mzima kuhusu ufufuo. Utakuwepo, akasema, waliofufuka wataishi miaka mingi, kisha watakufa tena, na roho zitarudi kwenye maisha yasiyo na mwili.

Nachmanides (1194–1270) hakukubali. Kwake Ulimwengu Ujao unakuja baada ya ufufuo, na mwili unabaki, umetakaswa. Wawili hawa ni nguzo za dini yao, na hitilafu yao haijaamuliwa mpaka leo. Hilo ndilo nililosema mwanzo: ufufuo ni wajibu kuuamini, namna yake imeachwa wazi. Mimi binafsi naegemea kwa Nachmanides, kwa sababu ya yule kiwete na kipofu.

Kuzaliwa upya wanakuita gilguli. Kwenye Biblia hakupo, wala Talmudi haikutaji. Saadia Gaon (882–942), mzaliwa wa Fayyum aliyeongoza chuo kikuu cha marabi Babeli, alikupinga kwa ukali akakuita upuuzi. Lakini Kabala ilikupokea kuanzia karne ya 12, na Isaac Luria wa mji wa Safed (1534–1572) akakufanya nguzo ya mafundisho yake: roho hurudi kutengeneza ilichoharibu au kutimiza amri iliyobaki. Leo Wahasidi (Wayahudi washika dini wanaofuata sana mafundisho ya Kabala) na Wayahudi wengi wenye asili ya nchi za Kiarabu wanakuamini. Wengine hawakuamini, na hawatengwi kwa hilo.

Upande wa pili kuna wapenda mageuzi. Marabi wao walikutana Pittsburgh, Marekani, mwaka 1885, wakatangaza kwamba roho haifi, lakini ufufuo wa mwili, Gehinomu na Edeni (yaani pepo) wakavikataa kuwa si mawazo yenye mizizi katika dini yao. Wakabadilisha maneno ya sala pia. Mwaka 2007 kitabu chao kipya cha sala huko Marekani kilirudisha maneno ya kuwafufua wafu, kwa anayetaka kuyasema. Maneno yaliyotolewa zaidi ya miaka mia moja nyuma watu waliyataka tena.

Ustaadh wa Tanga:

Assalaamu alaykum. Uzi una faida. Nilipata kuelezwa kwamba maziko yao yanafanana na yetu: kuosha, sanda nyeupe, na kuharakisha. Ni kweli?

Mleta uzi:

Wa alaykum salaam, Ustaadh. Kufanana kupo na ni kwa karibu. Maiti huzikwa mapema iwezekanavyo, siku hiyohiyo au inayofuata. Kuna kikundi cha kujitolea, Hevra Kadisha, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kinachoosha mwili na kuumiminia maji kwa kufuatana bila kukatisha, huku wakisoma maombi. Hawaupitishii kitu juu yake, hawaulazi kifudifudi. Wakimaliza wanamwomba marehemu kwa jina lake awasamehe kama wamemkosea heshima. Tangu kufa hadi kuzikwa hukaa mtu karibu naye akisoma Zaburi, asiachwe peke yake. Mtu anayeaminiwa kwamba amekwisha kabisa haombwi msamaha.

Sanda ni nyeupe, ya kawaida, haina mfuko. Hii ina kisa. Talmudi (Ketuboti 8b) inasema zamani gharama za maziko zilikuwa nzito kwa ndugu kuliko kifo chenyewe, hadi wengine wakamwacha maiti na kukimbia. Rabani Gamlieli, kiongozi na mtu wa nafasi, akaagiza yeye azikwe kwa kitani rahisi, na watu wote wakafuata. Sisi tunaochangishana hadi tunakopa kwa ajili ya misiba, kisa hiki tungekisoma mara mbili.

Kisha ndugu wa karibu wanakaa chini siku saba, shiva, wakipelekewa chakula na majirani. Inafuata siku thelathini, na kwa mzazi mwaka mzima wa kujizuia na sherehe. Kila mwaka tarehe ya kifo inawashwa taa ya kuwaka usiku na mchana. Kuchoma maiti Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za jadi, hawakubali. Wanaozikwa nje ya Israeli wengi huwekewa udongo kidogo wa nchi ile kaburini, na Mlima wa Mizeituni umejaa makaburi kwa sababu Zekaria 14 inasema huko ndiko miguu ya Mungu itasimama. Wanaolala pale wanataka kuwa wa kwanza kuamka.

Kwa wanaouliza kama hapa kwetu wapo, Nairobi ina sinagogi tangu 1913, na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja hilo Marekani mwaka 2008.

Mama wa Moshi:

Mwanangu, umesema mtoto humsemea mzazi Kadishi. Mimi nina mabinti tu. Wenye mabinti tu kwao inakuwaje?

Mleta uzi:

Shikamoo mama. Kwa jadi jukumu lilikuwa la mwana wa kiume, na asipokuwepo hutafutwa ndugu au rafiki. Mwaka 1916 Henrietta Szold, mwanzilishi wa jumuiya ya wanawake ya Hadassah huko Marekani, alifiwa na mama yake. Walikuwa wamezaliwa mabinti wanane nyumbani kwao, bila kaka. Rafiki wa familia, Haym Peretz, akajitolea kumsemea Kadishi marehemu. Szold akamwandikia barua ya shukrani na kukataa. Akamweleza kwamba kwake Kadishi ni aliyebaki kuonesha hadharani kwamba anaushika uhusiano ambao mzazi wake alikuwa nao na jumuiya, ili mnyororo usikatike, na kwamba hawezi kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Akakumbusha kuwa baba yao alipofariki mama alikataa vilevile mtu wa nje, mabinti ndio waliosema. Leo katika sinagogi nyingi mabinti wanasema, hata katika baadhi ya zile za Kiorthodoksi.

Fundi Hoja:

Nimeridhika na jibu la kiota, nakiri lina uzito. La mwisho kwangu: na sisi tusio Wayahudi? Tuna fungu huko au ni lao peke yao?

Mleta uzi:

Ndugu yangu, walibishana hilo mapema, kama ilivyo katika Tosefta, mkusanyiko unaoandamana na Mishna (Sanhedrin 13). Rabi Eliezer alisema mataifa hayana fungu, akatoa ushahidi Zaburi 9:17, kwamba waovu watarejea kuzimu, mataifa yote wanaomsahau Mungu. Rabi Yehoshua akamwambia: andiko lingeishia kwenye mataifa yote na kunyamaza, ningekubaliana nawe. Lakini limeongeza "wanaomsahau Mungu". Basi wapo katika mataifa wenye haki wasiomsahau, na hao wana fungu.

Iliyoshika ni ya Rabi Yehoshua. Maimonides aliiandika kuwa sheria. Mtu wa taifa lolote anayeshika zile amri saba za Nuhu, kama kutoua, kutoiba, kutoabudu sanamu na kuweka mahakama za haki, kwa kuwa ni amri za Mungu, ana fungu katika Ulimwengu Ujao. Hatakiwi kuwa Myahudi kwanza, na ndiyo sababu hutawaona Wayahudi wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta waumini.